Toleo la kumbi, la mwongozaji au refu: uanze na lipi?

Filamu uliyokuwa ukiisaka umeipata, umekaa, na kabla haijaanza menyu inakuuliza: toleo lipi? Au mkononi una makasha mawili yenye jina lile lile, moja limeandikwa Theatrical Cut, la pili Director's Cut, na hilo la pili limezidi kwa dakika arobaini na ushee. Wapo wanaochukua refu kwa imani kwamba kingi ndicho kizuri. Wapo wanaochukua fupi kwa sababu kesho wanaamka mapema. Lakini matoleo mawili ya filamu moja yanaweza kutofautiana kwa mambo mazito kuliko urefu: mwisho wa hadithi, muziki, hata tabia ya steringi. Na lile utakaloanza nalo ndilo litakalokaa kichwani kama filamu yenyewe. Mengine yote utayapima kwa hilo.

Tahadhari: ili kueleza tofauti, itabidi nifichue mambo machache ya ndani. Filamu nimezitaja mapema katika kila sehemu ili asiyetaka kujua aruke.

Maswali manne ya kupimia

La kwanza: nani alishika mkasi, na kwa nini? Kwa filamu nyingi za studio kubwa, neno la mwisho kuhusu uhariri ni la studio, si la mwongozaji. Huenda walikata ili kumbi ziweze kuonyesha filamu mara nyingi zaidi kwa siku, au kwa sababu watazamaji wa majaribio walichoka, au kwa sababu ya masharti ya daraja la umri. Huenda pia waliongeza kwa sababu diski yenye vipande visivyowahi kuonekana inauzika. Kwangu hili ndilo swali kubwa kuliko yote, ndiyo maana nimelitanguliza.

La pili: hadithi inabadilika wapi? Kuna kipande ukikiondoa hakuna anayekiulizia, na kuna kipande ukikiondoa mhusika anabaki akifanya mambo yasiyo na sababu. La tatu: mwendo. Wasiwasi uliojengwa kwa saa nzima unaweza kuvunjwa na dakika tatu za maongezi zilizorudishwa mahali pasipo pake. La nne: picha, sauti na urahisi wa kulipata, pamoja na tafsiri ya maandishi kwa anayeihitaji.

Toleo la kumbi za sinema

Mkasi wa toleo hili huwa umeshikwa na wengi: mwongozaji, mhariri, watayarishaji na studio, kila mmoja akivuta upande wake. Watu hulisema hilo kama lawama, nami siafiki. Mivutano hiyo imezaa filamu nyingi tunazozipenda. Cinema Paradiso ya Giuseppe Tornatore ilitoka Italia mwaka 1988 ikiwa na dakika 155, na haikufanya vizuri. Ikapunguzwa hadi dakika 124, na hiyo fupi ndiyo iliyotuzwa Cannes mwaka 1989, kisha ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Baadaye likaja toleo la dakika 173, ambamo Salvatore aliyekwisha kuwa mtu mzima anakutana tena na Elena, na tunagundua kwamba mzee Alfredo, yule mwendesha mashine ya sinema, alikuwa na mkono katika kutengana kwao. Alfredo wa toleo fupi ni mlezi tu. Wa toleo refu ni mlezi aliyeamua, bila kumuuliza kijana, kwamba kipaji chake kina thamani kuliko mapenzi yake. Zote ni filamu nzuri, lakini hazisemi jambo moja kuhusu mzee huyo.

Kwa upande wa hadithi, basi, toleo la kumbi linaweza kuwa lililochujwa vizuri au lililovurugwa. Mfano wa kuvurugwa: Once Upon a Time in America ya Sergio Leone, mwaka 1984, ilikuwa na dakika 229 na imejengwa kwa kuruka kutoka zama moja hadi nyingine, kama kumbukumbu ya mzee inavyoruka. Kwa soko la Marekani ikashushwa hadi dakika 139 na matukio yakapangwa kwa mfuatano wa miaka. Huko si kupunguza tena, ni kubomoa. Blade Runner ya 1982 nayo ilipachikwa sauti ya Harrison Ford ikisimulia mambo ambayo picha ilikuwa imeshayasema, pamoja na mwisho wa heri wenye picha za milima zilizobaki kutoka The Shining ya Stanley Kubrick.

Mwendo ndio nguvu yake. Vichekesho na filamu za kutisha hasa huishi kwa kupimwa kwa sekunde, na mhariri aliyekaa na watazamaji wa majaribio anajua pale kicheko kinapoisha. Kulipata ni rahisi, kwani mara nyingi ndilo linalowekwa kwenye huduma za mtandaoni, na faili za tafsiri ya maandishi kwa kawaida zimetengenezwa kulifuata hilo.

Linamfaa anayeiona filamu kwa mara ya kwanza, anayetazama na kundi la watu wenye ladha tofauti, na anayetaka kuelewa kwa nini filamu ilisifiwa au ilipondwa ilipotoka.

Toleo la mwongozaji

Jina hili lina heshima, na kwa sababu hiyo lina biashara. Usilipokee hivihivi, uliza kwanza mwongozaji alihusika kwa kiasi gani. Blade Runner ina toleo la 1992 lililoitwa la mwongozaji, ambalo liliondoa ile sauti ya msimulizi na ule mwisho wa heri, lakini Ridley Scott alitoa maelekezo tu bila kulisimamia mwenyewe hadi mwisho. Alilolisimamia kwa uhuru kamili ni lile la 2007, linaloitwa The Final Cut. Alien ni kisa kingine kabisa. Mwaka 2003 studio ilitaka toleo jipya, Scott akalitengeneza, likatoka fupi kwa takriban dakika moja kuliko la mwaka 1979, naye akaeleza wazi kwamba lile la zamani ndilo aliloridhika nalo. Kwa hiyo mtu mmoja ana filamu mbili zenye maneno Director's Cut kwenye kasha, na katika zote mbili maneno hayo hayaelekezi kwenye toleo analolipenda zaidi.

Tena mwongozaji naye hubadilika. Francis Ford Coppola aliitoa Apocalypse Now mwaka 1979, akairudia mwaka 2001 kwa toleo la Redux lenye dakika 202, kisha mwaka 2019 akatoa la tatu lenye dakika 183, lililokaa katikati ya hayo mawili.

Pale ambapo mkasi wa studio ulikata mshipa, toleo hili halina mbadala. Kingdom of Heaven, ya Scott huyo huyo, ndiyo ningempa asiyeamini kwamba uhariri unaweza kuiua au kuifufua filamu. Katika toleo la kumbi la 2005, lenye dakika 144, malkia Sibylla anaonekana kuelekea mwisho amekata nywele, amenyong'onyea, na hujui kilichompata. Unakadiria tu: ufalme unaanguka, mume hampendi. Katika toleo la mwongozaji, lililozidi kwa dakika 45 hivi, Sibylla ana mtoto wa kiume. Kaka yake Sibylla, mfalme Baldwin mwenye ukoma, anapofariki, mtoto huyo anavikwa taji. Kisha nta ya moto ya mhuri inamdondokea mkononi naye hashtuki. Mama anaelewa: mwanawe ana ukoma kama mjomba wake. Ili asije akaishi nyuma ya kinyago kama Baldwin, mama anammiminia sumu sikioni akiwa amelala mikononi mwake. Baada ya hapo zile nywele zilizokatwa hazihitaji maelezo. Mwigizaji ni yule yule, Eva Green, na sura ni ile ile. Kilichoondolewa ni sababu.

Mwendo wake unadai subira, na si kila subira inalipwa. Redux ina sehemu ndefu ya shamba la Wafaransa ambayo wengine wanaiona kuwa moyo wa hoja ya kisiasa ya filamu, na wengine wanaiona inazuia mto usitiririke. Mimi niko na hao wa pili, ingawa maongezi ya mezani pale ni ya kusikilizwa walau mara moja.

Kuhusu picha na sauti, tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko unavyotarajia. Justice League ya 2017 ilimaliziwa na Joss Whedon baada ya Zack Snyder kuondoka kwa msiba wa familia. Ina dakika 120 na muziki wa Danny Elfman. Ya Snyder ya 2021 ina dakika 242, muziki wa Tom Holkenborg, na picha yenye umbo la karibu mraba, uwiano wa 4:3, kwa hiyo kwenye televisheni pana utaona nafasi nyeusi kushoto na kulia. Televisheni haina kasoro na faili halijaharibika. Usiivute picha ijaze skrini, utawanenepesha wahusika.

Linamfaa aliyeona toleo la kumbi akahisi kuna pengo, anayefuatilia kazi za mwongozaji fulani, na yeyote ambaye amesikia kwamba filamu hiyo ilikatwa kwa nguvu.

Toleo refu

Refu si lazima liwe la mwongozaji, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Dune ya David Lynch, ya mwaka 1984, ilirefushwa kwa ajili ya televisheni bila yeye. Akataka jina lake litolewe, likawekwa la Alan Smithee, jina bandia lililokuwa likitumiwa na waongozaji waliozikana kazi zao. Kwa upande wa pili kuna Peter Jackson, aliyetengeneza mwenyewe matoleo marefu ya The Lord of the Rings, na bado akasema kwamba ya kumbi ndiyo anayoyahesabu kuwa filamu zenyewe. Marefu aliyatengeneza kwa mashabiki.

Matoleo hayo ya Jackson yaliongeza nusu saa kwenye filamu ya kwanza, zaidi ya dakika 40 kwenye ya pili na takriban 50 kwenye ya tatu, na Howard Shore alitunga muziki mpya wa kuyajazia. Kipande kinachotajwa zaidi ni kifo cha Saruman. Kwenye filamu ya tatu ya kumbini, adui huyo mkubwa anaachwa mnarani na hatumwoni tena. Kwenye refu tunaona mwisho wake. Aliyevisoma vitabu atapata pia nyimbo, maskani na maongezi ya njiani. Asiyevisoma anaweza kuchoka kabla vita havijaanza.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Aliens ya James Cameron, kwa sababu toleo lake refu linatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. La kumbi, la 1986, lina dakika 137. Refu lina 154. Katika dakika hizo za ziada kuna kipande kifupi sana. Ripley, aliyeamka baada ya kulala miaka 57 angani, amekaa kwenye benchi akisubiri habari za binti yake. Anapewa picha. Iliyomo ni sura ya bibi kizee. Huyo ndiye mtoto aliyemwahidi kwamba angerudi kabla ya siku yake ya kuzaliwa ya kumi na moja; amefariki akiwa na miaka 66, mzee kuliko mama anayemlilia. Ripley anaigusa picha kwa vidole. Ni hivyo tu, lakini baadaye anapomkuta Newt, mtoto aliyebaki peke yake, kila anachokifanya kwa ajili yake kina uzito mwingine.

Toleo hilo hilo linatuonyesha pia makazi ya wakoloni wa sayari kabla hayajashambuliwa, watu wakiwa hai, watoto wakikimbia koridoni, na familia ya Newt ikikifikia chombo kilichoanguka. Vimepigwa vizuri, lakini vinavunja hofu. Kwenye toleo la kumbi unaingia makazi yale pamoja na askari, korido tupu, taa zinapepesa, hujui kilichotokea. Kwenye refu unajua. Kama ningepewa mkasi, ningechukua picha ya bibi kizee na kuwaacha wakoloni. Ila mtazamaji hapewi kuchagua kipande kimoja kimoja, anachagua kifurushi.

Upande wa upatikanaji una vikwazo viwili. Kwanza, ukitazama kwa sauti zilizotafsiriwa, vipande vilivyoongezwa wakati mwingine havina tafsiri ya sauti, au vimerekodiwa baadaye na watu wengine, hivyo mhusika anabadilika sauti ghafla. Pili, faili ya maandishi iliyotengenezwa kwa toleo la kumbi itaachana na toleo refu pale kipande cha kwanza kilichoongezwa kinapotokea. Ukiona maandishi yalikuwa sawa kwa dakika ishirini kisha yakapotea, usihangaike kuyasogeza. Una toleo tofauti.

Linamfaa anayeirudia filamu aliyokwisha kuipenda, msomaji wa kitabu kilichozaa filamu hiyo, na mwenye siku nzima ya mapumziko.

Toleo lisilowekewa daraja

Hili, linaloandikwa Unrated, halihitaji maneno mengi. Neno hilo maana yake ni kwamba toleo husika halikupelekwa kupewa daraja la umri. Mkasi hapa ni wa idara ya mauzo mara nyingi kuliko wa msanii. Hadithi kwa kawaida haiguswi: unaongezewa damu, matusi, utani au utupu, pengine dakika chache tu. Mwendo wa vichekesho huumia, kwa sababu utani uliorudishwa ndio ule ambao mhariri aliuona hauchekeshi. Kwa filamu za kutisha kuna tofauti ya kweli pale ambapo vipande vilikatwa kwa shinikizo ili filamu ipate daraja la chini. Picha na sauti ni zile zile. Linamfaa mtu mzima anayejua anachokitafuta. Si la kuwashwa sebuleni watoto wakiwepo, hata kama la kumbi uliwahi kuwaruhusu.

Toleo lililoguswa upya

Mkasi hapa umeshikwa na mwongozaji, lakini miaka mingi baadaye, akiwa na vifaa ambavyo zamani havikuwepo. George Lucas alizirekebisha filamu tatu za kwanza za Star Wars mwaka 1997 na kuendelea kuzigusa baadaye, na zile za awali zikawa ngumu kupata kwa picha bora. Steven Spielberg alifanya hivyo kwa E.T. mwaka 2002, akabadilisha bunduki za maofisa kuwa simu za upepo. Baadaye akajuta, na diski ya 2012 ikarudi kwenye filamu ya 1982 kama ilivyokuwa. Heshima yangu kwa uamuzi huo ni kubwa.

Hadithi haibadiliki sana, wala mwendo. Uwanja wa mabishano ni picha. Diski ya kwanza ya Blu-ray (yenye picha bora kuliko DVD) ya The French Connection, mwaka 2009, ilibadilishwa rangi na mwongozaji William Friedkin hadi mpigapicha wake, Owen Roizman, akailaumu hadharani. Mwaka 2012 likatoka toleo jingine ambalo Roizman alishirikishwa, na rangi zikarejea. Ukiona neno Remastered, yaani picha au sauti imesafishwa upya, kwa hiyo, angalia ngozi za nyuso: kama zimelainishwa mpaka zinafanana na nta, chembechembe za filamu zimefutwa pamoja na sehemu ya picha yenyewe. Linamfaa mwenye skrini kubwa anayetaka picha safi, mradi awe amesoma kwanza kilichobadilishwa.

Kabla hujasema limekatwa

Tofauti ya dakika haithibitishi tofauti ya toleo. Filamu hupigwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, ilhali DVD za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, hucheza fremu 25. Filamu inakwenda kasi kwa asilimia nne: ya dakika 150 inamalizika kwa 144, na sauti inapanda kidogo. Hakuna kilichokatwa. Ukiona pengo la asilimia nne hasa, hiyo ndiyo sababu. Blu-ray kwa kawaida huheshimu fremu 24, kwa hiyo dakika zake ndizo za kulinganishia.

Kwa hali yako

Unaiona kwa mara ya kwanza na hujasikia ugomvi wowote kuihusu: anza na la kumbi. Kama umesikia kwamba studio iliikata kinyume cha matakwa ya mwongozaji, tafuta kauli yake. Akiwa amesema la kumbi si lake, nenda moja kwa moja kwenye lile alilolisimamia. Kwa Kingdom of Heaven sioni sababu ya kumwambia mtu apitie dakika 144 kwanza.

Umeshaiona na uliipenda: toleo refu ndilo zawadi yako. Umeshaiona na hukuipenda: jaribu la mwongozaji kama lina vipande vya hadithi vilivyorudishwa, lakini usipoteze jioni kwa toleo lisilowekewa daraja, kwa sababu dakika nne za utani hazitengenezi filamu mbovu.

Unatazama na wazee, watoto au wageni: la kumbi, na daraja lake la umri ulisome wewe kabla ya kuwaita.

Unategemea maandishi ya tafsiri kutoka nje ya diski: linganisha dakika za filamu yako na dakika alizotaja mtengenezaji wa faili kabla ya kuanza.

Unatazama mtandaoni: soma muda ulioandikwa chini ya jina, maana toleo mara nyingi halitajwi, na faili linaweza kubadilishwa bila wewe kuarifiwa. Kama kuna filamu unayoithamini katika umbo moja mahususi, nunua diski. Tafuta ile yenye matoleo yote mawili ndani, ambapo menyu inakuachia uchague na kifaa kinaruka au kuingiza vipande chenyewe. Kwa Blu-ray hakikisha herufi ya kanda (eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa), A, B au C, inalingana na ya kifaa chako. Diski za 4K hazina kizuizi hicho, lakini Blu-ray inayofungashwa nazo ndani ya kasha inaweza kuwa nacho.